Fundi iko Kisangani, mashini iko Bengamisa

BENGAMISA (Tshopo). — Ile asubuhi mama moja alikuwa amekaa ku ubao mbele ya mulango wa chama cha akiba, kaye yake mikononi. Bwana yake iko mu karyere, upande wa Banalia. Kila mara negosian akilipa, feza inaingia huku pole pole, dolari kumi, dolari makumi mbili, na kila mara inaandikwa ndani ya mashini. Sasa mutoto alikuwa analala hospitali, na mashini ilikuwa imekufa tangu siku mbili.

"Feza yako iko, mama," alimwambia yule anayetunza sanduku. "Lakini siwezi kujua ni ngapi. Ordinatere njo inajua."

Kaye ya mama ilikuwa na mistari ya mwezi uliopita tu. Mistari ya juma tatu za mwisho hakuna aliyeiandika kwa mukono, juu watu wote walikuwa wamekwisha kuzoea mashini. Chama hiki hakipendi jina lake litoke mu gazeti, na sisi tumekubali. Tutasema tu kama kiko hapa Bengamisa, makilometa kama 50 kutoka Kisangani ukifuata barabara ya Buta, na wengi wa wanamemba wake ni wachimbaji wa almasi na zahabu pamoja na wake zao.

Fundi wa ile mashini anaishi Kisangani. Siku zingine angepanda moto, angevuka daraja la Tshopo, na mbele ya mangaribi angekuwa hapa. Lakini mvua ilikuwa imeikata njia kwa matope, na yeye mwenyewe alikuwa analala na malaria. Walipomupigia simu alijibu: "Mimi niko ku serumu, lakini vidole yangu iko bizima. Munaachia ile mashini kuranti, musiiguse."

Wale wa Bengamisa walishangaa. Mashini imekufa, yeye anaomba tu waiachie kuranti?

Wasomaji wengi wataona hapa ni kama uganga. Haiko uganga, na haiko kitu cha jana. Ndani ya serveri, ni kusema ile ordinatere kubwa inayotunza kazi ya watu wengi, muna ordinatere ingine kadogo, imebandikwa ku pulaki ile ile. Iko na ubongo wake, programu yake, na mara nyingi mulango wake wa rezo. Ile kubwa ikizimika, ikianguka, ikikataa kudemara, kadogo kanaendelea kuishi, mradi waya ya kuranti isitoke ku ukuta. Ni kama mulinzi wa karyere. Wachimbaji wote wamelala, shimo limejaa maji, lakini yeye iko ku mulango na torshi yake, na ukimupigia simu atakuambia ni nini kinafanyika.

Mwaka wa 1998 Intel, Dell, HP na NEC walikubaliana juu ya luga moja ya kuzungumuza na mulinzi huyo, wakaiita IPMI. Kisha kila kampuni ikamupa jina lake. Kwa HP ni iLO, kwa Dell ni iDRAC. Ukiingia kwake kwa rezo, utaona ekra ya ile mashini kubwa sawa vile umesimama mbele yake, utaandika ku klavye, utaizima, utaiwasha. Na kuna kitu kingine, ambacho njo kilituleta huku: unaweza kumupa CD ambayo haiko.

Tuseme vizuri. Zamani, mashini ikikataa kudemara, fundi alikuwa anakuja na CD mu mufuko. Anaiingiza, mashini inaamuka kwa kusoma ile CD pahali pa disiki yake yenye kugonjwa, na toka pale fundi anaangalia ndani ni nini kimevunjika. Namna mashini inavyodemara kwa CD iliandikwa mwaka wa 1995 na watu wa IBM na Phoenix. Inaitwa El Torito, na wanasema jina hilo lilitoka ku resitora moja ya California ambamo mafundi wawili walikuwa wanakula wakati waliwaza ile kitu. (Hapa kwetu ingeitwa labda Liboke.) Leo ile CD yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, inawekwa ndani ya fishie moja. Hiyo njo imaji ya disiki. Fundi anaishika mu ordinatere yake ya kubeba, anamwambia mulinzi "shika hii", na mulinzi anaidanganya mashini kubwa: anaiambia kama kuna CD imeingizwa sasa hivi. Mafundi wanasema wame-"monte" imaji. Mashini haijui kama imedanganywa. Inazunguka, inasoma, inaamuka.

Sisi watu wa mines hatuwezi kushangaa sana. Kule Kibali, mu Haut-Uélé, mine ya zahabu ambayo Barrick anaiongoza (45 ku mia ni yake, 45 ya AngloGold Ashanti, 10 ya SOKIMO), kuna mashini za kubeba mawe chini ya udongo ambazo dereva wake hashuki. Anakaa juu, mbele ya ekra, na mashini inatembea kule chini, mu shimo ambalo mulango wake unashuka metre kama 750. Mutu anabaki kwa jua, mukono wake njo unaingia gizani. Ya Bengamisa ni ile ile, ila bei haifanani, na mukono unapita mu antene ya satelaiti iliyofungwa juu ya manjanja.

Na pale ku antene njo shida ilianza.

Fundi alichukua imaji yake ya kila siku, kubwa, jiga moja, yenye vyombo vyote. Akaimonte kutoka kitandani. Ekra ya Bengamisa ikaonyesha maandiko, kisha ikasimama. Saa moja ikapita. Saa mbili. Wingu likapita, rezo ikakatika, na kila kitu kikarudi ku zero. Akaanza tena. Usiku ikakatika tena. "Ilikuwa kama kuchota Lindi na kijiko," aliniambia.

Kosa halikuwa la antene peke yake. Mashini ikidemara kwa imaji iliyo mbali, haiombi imaji yote mara moja. Inaomba kipande kidogo, inangoja, inapata, inaomba kingine. Munajua wakati munatoa udongo mu shimo refu na ndoo moja tu: ndoo inashuka, inajazwa, inapanda, inamwagwa, inashuka tena. Hata kama mutu wa juu iko na nguvu ya ngombe, urefu wa kamba njo unaamua. Satelaiti ya zamani iko juu ya dunia kwa makilometa karibu 36.000, na swali kwenda na jibu kurudi ni zaidi ya nusu ya segonde. Tuhesabu 0,6. Kama ndoo inabeba kilo-okte 64, jiga moja ni ndoo zaidi ya 16.000. Zidisha mara 0,6: saa mbili na dakika zaidi ya 40, bila wingu hata moja kupita. Na hapo hatujasema neno juu ya mega munazolipa. Ukinunua mega mingi zaidi, ni kama kununua mukono wenye nguvu zaidi, lakini kamba inabaki na urefu wake.

Njo maana watu wengine wanashangilia satelaiti za chini. Starlink, ambayo ARPTC iliipa ruhusa mu inchi yetu mu mwezi wa tano 2025, satelaiti zake zinazunguka ku makilometa kama 550. Kamba inakuwa fupi. Lakini chama chetu kingali na ile antene ya kwanza, na mutu anatibiwa na dawa yenye iko mu nyumba.

Asubuhi ya siku ya tatu homa ilishuka kidogo na fundi akawaza vizuri. Akatafuta imaji ingine, ndogo, mega 60 tu. Haiko na madirisha, haiko na picha, ni maandiko meupe juu ya ekra nyeusi. Lakini iko na tabia moja ya maana: ikiisha kudemara, inaingia yote mu memware ya mashini na haiombi tena kitu kwa CD. Mega 60 ni ndoo kama 960. Dakika kumi. Kisha hapo rezo ikate, mama yangu, ikate kama inapenda. Ikirudi, mashini itakuwa bado macho, inangoja.

Na ilikatika kweli, mara mbili. Haikusumbua kitu.

Kile alichofanya kisha njo kilinipendeza kuliko yote, na ni kile ambacho mafundi wenye haraka hawafanyi. Hakutengeneza mara moja. Aliangalia disiki bila kuandika kitu juu yake, akaona kama hesabu iko, ila kitabu cha kuonyesha kila fishie iko wapi kilikuwa kimeharibika wakati kuranti ilikatika gafula. Mashini ilikuwa na disiki ya pili. Akakopia ya kwanza yote juu ya ya pili, pole pole, mpaka kisha midi. Kule Bengamisa walikuwa wanamupigia simu kila nusu saa: "Papa, bado?" Yeye: "Bado. Ninakopia." Hawakuelewa juu ya nini kungoja hivi, na mama mwenye mutoto hospitali hakuwa na sababu ya kuelewa. Lakini matengenezo yenyewe yanaweza kuua. Programu ya kunyoosha disiki ikikosea, inafuta, na kile kilichofutwa juu ya kopi moja tu hakirudi. Kazi ya juma tatu ya watu wenye kushinda mu maji mpaka kiuno ilikuwa juu ya ile disiki.

Kopi ilipoisha, alinyoosha ile ya kwanza. Dakika nne. Akaamuru mashini ijizime na kujiwasha.

Na mashini ikarudi na ekra ile ile nyeusi, maandiko meupe.

Hapa mafundi wote watacheka, juu imewafikia wote. Alikuwa amesahau kuitoa CD ya uongo. Mashini iliikuta tena, ikadanganywa tena, ikademara tena kwa yenyewe. Ingekuwa CD ya kweli, mutoto yeyote wa Bengamisa angeiona ndani ya mulango wake na kuivuta. Ile isiyoonekana, paka mwenye kuimonte njo anaweza kuishusha. Akaishusha, akawasha mara ya pili, na ku saa tisa na kitu majina ya wanamemba yalionekana, na jina la yule mama lilikuwa ndani.

Nilimwendea fundi juma iliyofuata, nyumbani kwake Kisangani, amesimama lakini amekonda. Nilitaka kujua kama chama kingine, ao hospitali, ao masomo, wanaweza kufanya hivi. Jibu lake halikuwa refu, lakini lilikuwa na "kama" mingi.

Kama muna kuranti. Mulinzi hahitaji mingi, lakini anahitaji. Chama kinaishi na pano za jua na batri. Batri zikiisha usiku, mulinzi naye anakufa, na hakuna imaji itakayomufufua. Hata huku Kisangani, na barrage ya Tshopo karibu namna hii, tunajua kulala gizani ni nini.

Kama mulinzi anakubali. Serveri nyingi zinazofika kwetu ni okazio kutoka Ulaya, na ndani yake ile kazi ya ekra na CD ya mbali imefungwa, inaombwa ruhusa ya kulipa. HP inaita ruhusa hiyo iLO Advanced, Dell inaita iDRAC Enterprise. Mutu ananunua mashini sokoni anafikiri ananunua yote, kumbe mukono wa mbali haumo. Fundi anasema mbele ya kulipa uiwashe, uingie mu paji ya mulinzi, uangalie ruhusa imeandikwa ao hapana. Na zile za zamani sana zinaomba Java ya wakati ule, ambayo ordinatere za leo zinaikataa. Yeye anatunza ordinatere moja ya kuchakaa kwa ajili ya hiyo tu.

Mashini isiyo na mulinzi, nayo, inaweza kupewa mulinzi wa inje. Kuna kisanduku kinaitwa PiKVM, kilichojengwa juu ya kaordinatere kadogo Raspberry Pi: kinashika ekra kwa upande moja, USB kwa upande mwingine, na kinajifanya klavye na CD. Uzuri wake kwetu ni kama imaji zenyewe zinaingia mu karte ya memware yake. Unaituma imaji mara moja, hata kama ni usiku muzima, hata kwa flashi mu mufuko wa motari. Toka siku ile imaji iko karibu na mashini, kamba ni centimetre makumi tatu, na mu satelaiti munapita paka ekra na vidole. Fundi ameomba chama kinunue moja. Kamati inasema itaona.

Kisha akanyamaza, akauliza: "Yaya, na kama haikukuwaka mimi?"

Sikuelewa.

"Ile siku. Kama mutu mwingine njo aliingia na CD yake?"

Hiyo njo upande ambao wauzaji hawauongei. Mwenye kumudanganya mashini kwa wema, mwingine anaweza kuidanganya kwa ubaya. Mwaka wa 2018 wezi wenye programu inayoitwa JungleSec walipita kwa mulango huu wa mulinzi, mu mashini za watu, na kati yao kulikuwa mwenye kuacha neno la siri la fabrika, wakafunga fishie zao kwa funguo na kuomba malipo. Mwaka uliofuata, kampuni ya Eclypsium ilionyesha kama mu serveri fulani za Supermicro kazi ya CD ya mbali yenyewe ilikuwa na tundu, na kama walinzi zaidi ya 47.000 wa aina hiyo walikuwa wanaonekana wazi mu intaneti, mu inchi zaidi ya 90. Ni sawa na mutu kuacha funguo ya depo ndani ya kufuli. Mwizi hana lazima ya kufika Bengamisa na matope yote yale. Anamonte imaji yake, mashini inaamuka kwa ajili yake, na anakopia ao anafuta majina yote bila kujua neno la siri hata moja la ile mashini kubwa, juu ile kubwa imelala.

Nilimuuliza neno la siri la mulinzi wa Bengamisa lilikuwa gani siku ile. Aliangalia chini. Lilikuwa lile la fabrika, lililoandikwa mu kitabu ambacho dunia yote inaweza kukisoma. Siku aliyoiweka alikuwa na haraka, kisha alisahau, kisha miaka miwili ikapita.

Sasa amelibadilisha. Mulango wa mulinzi hauko tena wazi mu intaneti. Unaingia kwanza mu njia ya siri ambayo ordinatere mbili tu zinaijua, ya fundi na ya kamati, njo unafika kwake. Programu ya mulinzi imefanywa mupya. Na chama kimerudia kaye: kila mangaribi, mama anayetunza sanduku anaandika kwa mukono jina na feza ya kila mutu, na mutu anatia kidole. Wengine wanalalamika kama ni kurudi nyuma. Yule mama wa ku ubao, aliyepata dolari zake 38 na kukimbia hospitali, hakulalamika. Mutoto alitoka siku ya nne, na yeye njo wa kwanza kila juma kuomba kaye aione.

Kumebaki neno moja ambalo halijaisha. Neno la siri jipya limeandikwa ku karatasi, karatasi imetiwa mu bahasha, bahasha imefungwa na gundi. Prezida wa chama anasema ikae kwake, kwani yeye njo mukubwa. Wachimbaji wanasema hapana, ikae kwa mama wa sanduku, na fundi asikuwe na kopi. Fundi anauliza: kama sina kopi, siku mashini itakufa tena saa nane za usiku, mutaniamusha ya nini? Nilipoondoka walikuwa bado wanabishana chini ya muembe, na bahasha ilikuwa juu ya meza, katikati yao, chini ya jiwe juu ya upepo.